Kompyuta Mbili na Feri ya Alfajiri

Tarholmen, 9 Januari

Eivind,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki. Jumapili umenikatia simu. Usiniambie mtandao ulisumbua, nilikusikia ukishusha pumzi kwanza, halafu kimya. Basi nakuandikia kwenye karatasi. Ukitaka kunikatiza humu itabidi uichane.

Narudia swali langu polepole, kama unavyonisemesha wewe. Kompyuta yangu imekufa. Imekufa Ijumaa nikiwa kwa Aslaug. Nilikuwa nimeshamkata kucha, nimeshamsafisha kidonda cha kisigino, naandika nilichokiona ili nilinganishe wiki ijayo. Kioo kikawa cha bluu, kisha cheusi. Mumewe Torfinn akasema, "Gudny, izabe kofi." Nikaizaba. Haikuamka.

Dukani zimebaki mbili ninazoziweza. Ya kwanza ni nyepesi, kilo moja na kidogo, chaji inakaa siku nzima. Ya pili ni nzito, kilo mbili na nusu, kioo kikubwa, ina nguvu, ila chaji inaisha baada ya saa nne. Mimi natibu miguu ya wazee nyumba nane kwa siku, nasukuma sleji, kigari kisicho na magurudumu, kwenye barafu, na sitaki kuomba soketi ya umeme kwa mtu ambaye nimemshika kidole gumba cha mguu. Hilo la kwanza. La pili, nataka kuhariri video kidogo. Kukata, kuunga, kuweka sauti na maandishi. Basi.

Nawe ukacheka. "Video, Mama? Za nini, za paka?" Nina miaka hamsini na tisa na sina paka.

Nijibu: nyepesi au nzito, na kwa nini. Video za nini hazikuhusu.

Salamu hazikubaki.

Gudny Hauan, aliyekuzaa

*

Grimsvik, 14 Januari

Mama,

Sikukukatia simu kwa dharau. Mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni siku ya Jumapili, ofisini, kwa sababu tuna ripoti inayotakiwa haraka. Wewe unadhani mimi huku nakunywa kahawa tu.

Haya, kompyuta. Chukua nyepesi. Kazi yako ni kuandika, na kuandika hakuhitaji nguvu. Betri ndiyo muhimu kwako, na uzito. Ile nzito imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaohariri filamu na wanaocheza michezo ya vita. Feni yake inapiga kelele na chaja yake ni kama tofali. Utaibeba wiki moja, ya pili utaanza kulalamika mgongo, na atakayelalamikiwa ni mimi.

Kwa vipande vyako vya video, vya kwaya au vya ndege sijui, nyepesi itatosha. Watu wanahariri hata kwenye simu siku hizi.

Nimeshakuagizia. Itafika na feri ya Alhamisi. Usinishukuru.

Eivind

*

Tarholmen, 23 Januari

Eivind,

Sikushukuru.

Nani alikwambia uagize? Niliomba ushauri, ukaniletea mzigo. Nilipokuwa nakuchagulia viatu ulikuwa na miaka minne, na hata hapo nilikuuliza vinabana wapi.

Nisiwe mwongo: siku tatu za kwanza niliipenda. Inaingia kwenye mkoba pamoja na taulo na visu vyangu. Nimezunguka nyumba nane na bado ilikuwa na chaji ya kumwagika. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana kiburi lakini anajua.

Jumatatu nikaanza video. Kwanza haina pa kuchomeka kadi ya kamera. Hukufikiria hilo. Margit wa dukani akaniazima kifaa cha kuunganishia. Nikaingiza picha za asubuhi sita. Nafasi ikajaa nusu. Nikabonyeza nione nilichokata, watu wakawa wanatembea kama wamekufa ganzi, sauti inakwenda mbele, midomo inabaki nyuma. Kisha ikaganda. Kisha ikajizima, na kazi ya siku nzima ikaenda nayo. Mwanangu, nililia. Si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, nikaenda nje nikapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Bado unaviita "vipande vya kwaya"?

Jambo jingine. Jana wamebandika ripoti ya halmashauri dukani kwa Margit. Wanataka kuondoa feri ya saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Wanasema inabeba wastani wa abiria wawili. Wawili! Ndiyo feri inayompeleka Torfinn hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mashine yake inamsubiri saa mbili kamili. Feri inayofuata inafika saa nne na nusu. Ataambiwa ahamie huko bara, na Aslaug, ambaye siku hizi hamkumbuki mtu mwingine yeyote ila yeye, atawekwa nyumba ya wazee kwa wageni watupu.

Ripoti haina jina la mtu. Imeandikwa "Idara ya Usafiri" tu. Wewe si uko jengo hilohilo? Niambie ni mpumbavu gani ameiandika nimwandikie moja kwa moja.

Gudny Hauan

*

Grimsvik, 30 Januari

Mama,

Irudishe. Una siku thelathini tangu ilipofika. Irudishe kwenye boksi lake, na usitupe karatasi. Chukua ile nzito. Ina kumbukumbu mara mbili, giga kumi na sita, na ina tundu la kadi ubavuni. Sikujua unarekodi kwa kamera kubwa. Ungeniambia unachofanya ningekushauri vizuri, lakini wewe unataka ushauri kama unavyotaka uchawi, mtu akisie.

Na hata kwenye hiyo nzito, usihariri picha kubwa moja kwa moja. Iambie programu ikutengenezee nakala nyepesi, ukate hizo, mwishoni itarudisha zile kubwa yenyewe. Na hifadhi kila baada ya dakika tano. Kila baada ya dakika tano, Mama.

Kuhusu ripoti: ripoti huandikwa na idara, haiandikwi na mtu. Si upumbavu. Abiria walihesabiwa kwa mashine ya tiketi, wiki nzima ya arobaini na saba ya mwaka, ile ya Novemba, kila safari. Hesabu ni hesabu. Kisiwa kina watu mia moja na arobaini na kila mwaka wanapungua, na hilo hakuna aliyelisababisha ofisini.

Nakuomba usijiingize. Utaumia bure.

Eivind

*

Tarholmen, 8 Februari

Eivind,

Nzito imefika. Feni inavuma kama mashine ya kukaushia samaki, na mkobani haiingii. Naiacha mezani jikoni. Mchana naandika habari za wagonjwa kwenye daftari, nikirudi nanakili. Inaniongezea kazi, lakini picha zinakwenda kama maji. Zile nakala nyepesi ulizonifundisha zimefanya kazi. Hilo nakushukuru, na nakushukuru shingo upande.

Sasa jibu hili. Ripoti iliyobandikwa dukani nimeisoma mara nne, na Margit ameisoma, na mwalimu ameisoma. Imeandikwa "wiki moja ya kawaida". Haikutaja wiki ya arobaini na saba popote.

Wewe umejuaje?

Na kwa kuwa umeshaitaja, acha nikukumbushe wiki hiyo ilivyokuwa. Jumapili usiku wa kuamkia Jumatatu injini ya feri ilikufa. Mpaka Ijumaa tulivushwa na boti ya uokoaji, wanane wanane, tumekaa kwenye mbao na maji ya chumvi usoni, na hakuna aliyekata tiketi kwa sababu boti ya uokoaji haina mashine ya tiketi. Torfinn alivuka akiwa amefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nilikusimulia yote hayo kwenye simu Jumatano ile ile. Ulisema, "Poleni sana."

Nakuuliza wewe, mtoto wangu. Umejuaje wiki?

Mama yako

*

Grimsvik, 13 Februari

Mama,

Ndiyo. Ni mimi.

Sasa umefurahi?

Nilitakiwa kutafuta takwimu za wiki moja. Nilichagua ya arobaini na saba mwezi Oktoba, kabla haijafika, kwa sababu haikuwa na sikukuu wala likizo za shule. Nilikuwa sahihi kuichagua. Uliponipigia Jumatano ile nikajua namba zitaharibika. Nikamwambia mkuu wangu. Akasema, "Boti ya uokoaji si ratiba yetu. Andika kilichotoka kwenye mashine." Nikaandika. Mimi ndiye mdogo kuliko wote kwenye idara, na mkataba wangu ni wa kuongezwa kila mwaka.

Unataka niseme nini? Kwamba nimekuuza? Kama si mimi angeandika mwingine, na asingejua hata Tarholmen iko upande gani wa ramani.

Na kwa kuwa tunaulizana: nina miaka saba huku Grimsvik. Umewahi kuniuliza ninafanya kazi gani hasa? Unauliza nakula nini. Unauliza kama nimevaa soksi za sufu. Ungeuliza mara moja tu, ungejua kuna mtu anayehesabu feri zenu, na ungejua ni nani.

Naomba usije kwenye kikao cha baraza cha tarehe tatu Machi, cha kuipigia kura feri. Chochote unachokitengeneza kwenye kompyuta hiyo, kibakize hapo jikoni. Ukisimama mbele ya baraza na jina letu hilo, jioni hiyohiyo mimi sina kazi.

Nimekuomba mara ngapi kitu maishani mwangu?

E.

*

Tarholmen, 18 Februari

Eivind,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Nimefuta miadi ya wateja watatu, na mzee Peder amenuna kwa sababu ukucha umemzama nyamani.

Ni kweli sikukuuliza. Nilidhani unashughulika na barabara. Nilijivunia hivyohivyo bila kujua ninachojivunia, na huo ni uvivu wa mama, naukubali. Liweke mezani hilo, tutalirudia.

Lakini usilitumie kujifunikia. Wewe ulijua. Hukudanganywa, hukukosea kujumlisha. Ulisikia kwa mdomo wangu kwamba watu wanavuka kwa boti ya uokoaji, ukaweka simu chini, ukaandika "wiki ya kawaida". Mkono ulioandika ni huo unaoniandikia mimi. Mkuu wako simjui, simdai chochote. Wewe nakujua.

Tangu sikukuu ya mwaka mpya, uvumi wa kuondoa feri ulipoanza, nimesimama gatini kila alfajiri na kamera ya mwalimu. Karibu wiki saba. Nimehesabu kila mtu anayepanda. Wastani ni kumi na tisa. Jumatatu wanafika ishirini na saba, na watoto wa sekondari, na wanawake wa kiwanda cha samaki, na Torfinn na fimbo yake. Torfinn amekubali nimrekodi jikoni kwake akimlisha Aslaug uji. Nilimuuliza aseme nini kwa baraza. Akafikiri, akaweka kijiko chini, akasema, "Waje wenyewe wamwambie. Mimi nikimwambia naondoka, ataniuliza tena baada ya dakika mbili, na nitalazimika kumwambia upya siku nzima."

Nimeiacha hivyohivyo, bila muziki. Filamu ina dakika kumi na moja. Nitaionyesha tarehe tatu.

Sitalitaja jina lako. Wiki nitaitaja. Una siku kumi na tatu za kwenda kwa mwenyekiti na kusema mwenyewe. Ukienda wewe kwanza, hilo litakuwa lako na hakuna atakayekunyang'anya.

Mama

*

Tarholmen, 4 Machi

Eivind,

Hukunijibu. Nikadhani basi, hatakuja.

Nilikuona.

Safu ya mwisho, karibu na mlango, jaketi la bluu, kofia umeishika magotini. Nimeibeba ile kompyuta nzito kwa mikono miwili kutoka gatini mpaka ukumbini, Margit akiwa nyuma na chaja. Mikono bado inaniuma. Taa zikazimwa. Nikawaona watu wetu ukutani wakipanda feri, mmoja mmoja, na namba ikipanda pembeni. Torfinn alipoweka kijiko chini, kuna mwanamke wa baraza alivua miwani.

Nikasema: hesabu ya idara ilifanywa wiki ambayo feri ilikuwa haitembei. Mwenyekiti akashtuka. Akasema, "Hilo halimo kwenye ripoti. Yupo mtu wa idara hapa anayeweza kutueleza?" Mkuu wako, yule mwenye skafu, akasema atahitaji muda kuangalia mafaili. Mwenyekiti akauliza tena: "Hakuna mwingine anayejua?"

Nilikutazama. Ukumbi mzima uligeuka kufuata macho yangu, nikayaondoa haraka ili wasikuone. Bado nakukinga, unaona? Na wewe ukatazama viatu vyako.

Mwenyekiti akanijibu kwamba neno la mtu halitengui ripoti. Kura tisa kwa nane. Feri inaondolewa tarehe mosi Aprili.

Kura moja, Eivind. Ulihitajika kusimama tu na kusema sentensi moja.

Kurudi, Torfinn alikaa peke yake sehemu ya mbele ya feri. Sikuthubutu kwenda kukaa naye, kwa sababu angeniuliza habari zako. Huwa anauliza.

Usiniandikie kuhusu mkataba wako.

Gudny Hauan

*

Grimsvik, 10 Machi

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na sikuingia ndani mpaka taa ya ngazi ikazimika.

Nilikuja nikiwa nimedhamiria kusema. Unaweza usiamini. Nilikuwa na karatasi ndani ya kofia. Mwenyekiti alipouliza, sikuitoa. Alipouliza mara ya pili nikakuona unanitazama, na badala ya kunipa nguvu ulinikasirisha. Nikawaza, hata hapa, mbele ya watu wote, yeye ndiye ananiamulia lini nisimame. Nikakaa kwa ubishi. Ndiyo ukweli, na ni mbaya kuliko woga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti kabla ya kufika ofisini kwangu. Nilimpa karatasi mbili. Wiki niliyohesabu, na siku niliyojua kwamba namba ni mbovu, na kwamba nilijua kupitia kwa mama yangu. Nimeandika jina langu chini. Sikuandika "idara".

Mkuu wangu aliniita saa tano. Akasema, "Unajua ulichofanya?" Nikamwambia, "Ndiyo, na Novemba pia nilijua." Nimeondolewa Idara ya Usafiri. Mpaka mkataba wangu uishe mwezi Juni nipo chumba cha kumbukumbu, chini kabisa ya jengo, na mafaili ya maziko ya tangu enzi za babu. Kisha sijui.

Mwenyekiti ameitisha kura upya, tarehe kumi na tisa.

Bado nina hasira nawe. Umenifanyia siri wiki saba, umeniomba ushauri wa kompyuta bila kunieleza ya nini, huku kila ninachokwambia kikienda kutumika dhidi ya kazi yangu. Nakala nyepesi nilikufundisha mimi! Hata hukujua unanifanyia hivyo, najua, lakini hasira haisubiri maelezo.

Na dakika ya saba sauti ya upepo imezidi, maneno ya yule msichana wa sekondari hayasikiki. Kuna kitufe cha kuipunguza. Kama utaionyesha tena, rekebisha.

Mahali pengine umekata vizuri sana. Sikujua unaweza.

Eivind

*

Tarholmen, 20 Machi

Eivind,

Kumi na nne kwa tatu. Feri inabaki, na watahesabu upya wiki nne za Septemba, kwa watu waliosimama gatini na macho yao, si kwa mashine peke yake. Upepo wa dakika ya saba niliupunguza. Msichana anasikika.

Jana niliketi kwa Torfinn nikamweleza yote, kwa sababu karatasi yako ilisomwa mbele ya baraza na nilitaka aisikie kwangu kabla hajaisikia dukani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema haidhuru. Alisema, "Mwambie aje. Nina maneno ya kumwambia, na si ya kutuma kwa mama yake." Kisha akaenda kumgeuza Aslaug kitandani. Usitegemee ukarimu hapo. Utakwenda peke yako, mimi sitakusindikiza.

Kuhusu kukaa kwa ubishi: nimeisoma sentensi ile mara nyingi. Nimekasirika, halafu nikamkumbuka mtu ninayemjua vizuri, anayepasua kuni zisizohitajika, hasira ikapungua kidogo. Kidogo tu. Aslaug nusura ahamishwe kwa sababu ya ubishi wako, na sijui nitaacha lini kulifikiria hilo ninaposhika kisigino chake.

Na kuhusu siri, una haki. Ningekueleza, ungenizuia, kwa hiyo sikukueleza. Nilikufanya mtu wa kukwepwa kabla hujanionyesha kwamba unastahili kukwepwa. Kosa hilo ni langu.

Kumbukumbu za maziko, umesema. Zimepangwaje, kwa majina au kwa miaka? Mnazisoma au mnazihamisha tu? Siku nzima unakuwa na nani huko chini? Nijibu kwa mdomo, usiniandikie.

Njoo Jumamosi. Wewe una hasira, mimi nina hasira, na mkono wangu umechoka kuandika. Tutagombana mezani, tukitazamana, na hakuna atakayenyanyuka mpaka tumalize. Nitapika nyama ya kondoo na kabichi, kwa kuwa mtu hawezi kugombana na tumbo tupu siku nzima.

Mama